Aliyeshika Penseli

Nilipoanza kazi ya uuguzi, katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, sikuwahi kuuliza nani anapanga zamu. Kila mwisho wa mwezi sista inchaji aliingia ofisini, akafunga mlango, akatoa rula, penseli na karatasi kubwa ya mistari. Akitoka, mwezi wetu mzima umeshaamuliwa: A ya asubuhi, J ya jioni, U ya usiku, O ya ofu. Rosta ilibandikwa karibu na kabati la dawa, nasi tukasongamana kuitazama kama watoto wa darasa la saba wanaotafuta majina yao kwenye matokeo.

Simlaumu mama yule. Alijua nani ananyonyesha, mume wa nani yuko baharini, nani hawapatani, na nani asiachwe usiku peke yake kwa kuwa bado ni mgeni akiona damu. Yote hayo aliyabeba kichwani bila daftari. Ila kichwani humohumo walikaa pia wasemaji na wasiosema. Mwenye ulimi mtamu alipata ofu ya harusi. Mwenye shangazi anayefahamiana na matroni hakujua usiku wa mfungo unafananaje wodini. Msichana mgeni asiyejua kuomba, yaani mimi, mwaka wa kwanza nilisikia takbira za Idd kupitia dirisha la wodi ya wanaume huku nabadilisha dripu. Nikajifunza upesi kwamba kujua kuomba ni sehemu ya kazi. Nikaamini, na niliendelea kuamini kwa miaka mingi, kuwa haki ya zamu hutoka moyoni mwa anayepanga: ukimpata mwema umepona, ukimpata wa namna nyingine vumilia, au jipendekeze.

Ushuhuda huu ni wa namna imani hiyo ilivyonitoka. Wenzangu wa kazi wanaotoka Kisii na Nairobi hutoa shuhuda zao kanisani. Mimi ni mtoto wa madrasa na habari yangu haina muujiza. Ina kompyuta, mkataba wa chama cha wauguzi, na ugomvi mwingi.

Siku hizi ninaishi Marekani, jimbo la Minnesota, katika Roseville, mji unaopakana na Saint Paul upande wa kaskazini. Asiyeijua Minnesota huenda anaijua Roseville bila kujua: Target ya kwanza kabisa ilifunguliwa hapa mwaka 1962. Mabasi ya A Line yanaanzia Rosedale, pale kwenye maduka makubwa, yanashuka na barabara ya Snelling. Hospitali ninayofanyia kazi iko Saint Paul, si mbali kwa gari, ila Januari kila safari ni mbali. Na kuhusu Waafrika wa huku na kazi hii, nenda msiba wowote Brooklyn Park uhesabu: ukitoa wauguzi, wasaidizi wa wauguzi na walezi wa nyumba za wagonjwa, ukumbi unabaki na watoto na mchungaji. Mtu akisema "siji, nina zamu," hakuna anayenuna. Neno lenyewe linatosha kuwa udhuru.

Nilipita njia wanayoipita wengi: usaidizi katika nyumba ya wazee, mtihani wa leseni, kisha ajira ya usiku. Nilitarajia kukuta mashine Marekani. Nikakuta penseli. Karatasi ilikuwa pana zaidi na kulikuwa na daftari la maombi lenye kamba, lakini mambo yalikuwa yaleyale. Mpangaji alikuwa mwanamke mpole, mchovu, anayepanga ratiba jioni nyumbani kwake bila kulipwa saa hizo. Waliomzoea walimwandikia vikaratasi. Nilimzoea nami pia. Nilijua aina ya keki anayoipenda, na sikukosa tena ofu niliyoitaka. Ndiyo maana tulipotangaziwa kuwa ratiba inahamia kwenye kompyuta, mimi nilikuwa miongoni mwa waliolalamika kwa sauti. Kompyuta haina mtoto, nikasema, itajuaje wangu anaumwa? Wengi walipiga makofi, hasa wale wenye ofu nzuri.

Hapa niseme kidogo kazi yenyewe ya kupanga ikoje, maana mtu wa nje hudhani ni kugawa siku tu. Kila muuguzi ana kipimo chake cha ajira, yaani sehemu ya kazi ya muda wote. Mwenye 0.8 anadaiwa saa 64 katika kila wiki mbili, mwenye 0.6 anadaiwa 48. Mwisho wa wiki hufanyi kazi mfululizo, unapishana na mwenzako. Aliyetoka usiku harudi mchana uleule. Kila zamu iwe na mtu anayeweza kuiongoza, na mgeni asiwe na mgeni mwenzake. Likizo hutazama nani ametangulia kuajiriwa. Sasa chukua wodi ya wauguzi 40 na siku 28. Hivyo ni visanduku 1,120, na kila kimoja kinaweza kuwa mchana, usiku au ofu. Idadi ya namna za kuvijaza ni namba yenye tarakimu 535. Nyingi mno kati ya hizo ni upuuzi, bila shaka, lakini kuutenganisha upuuzi na ratiba halali ndiyo kazi iliyokuwa ikimkesha yule mama kwenye meza yake ya jikoni.

Hesabu hii ya tarakimu nilifanyiwa na jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu Unisys. Kampuni hiyo, iliyorithi Univac ya zamani, ilikuwa na jengo lake hapahapa Roseville, na kompyuta kubwa za mfululizo wa 1100 zilibuniwa katika eneo hili. Tulikuwa tunasukuma theluji, kila mtu upande wake, nikamlalamikia habari za mfumo mpya. Akacheka. Akasema jambo hilo ni la kale, na siku chache baadaye akanigongea mlango na karatasi alizochapa: makala mbili zilizofuatana katika toleo moja la jarida la Operations Research la mwaka 1976, moja ya D. Michael Warner, nyingine ya Miller, Pierskalla na Rath. Zote mbili zinahusu kupanga zamu za wauguzi kwa hesabu. Mwaka 1976! Mama yangu alikuwa bado msichana.

Hesabu zenyewe sikuzielewa, na sijidai kuzielewa leo. Lakini mzee alinieleza mambo mawili ambayo hayakunitoka. La kwanza, hesabu hizi hutenganisha masharti ya lazima, yasiyovunjwa hata kidogo, na masharti ya kupendelea, yanayoweza kuvunjwa lakini kila yakivunjwa kuna gharama inayoandikwa. Warner aliwapa wauguzi nafasi ya kusema wenyewe wanachukia nini na kwa kiasi gani: huyu hapendi siku nyingi mfululizo, yule hapendi ofu ya siku moja moja. La pili lilikuwa kwenye makala ya Miller na wenzake, nalo ndilo lililonifanya niweke koleo la theluji chini. Hesabu yao ilikumbuka. Muuguzi aliyepata ratiba mbaya kipindi kilichopita, uzito wa malalamiko yake uliongezwa kipindi kinachofuata.

Nilimfikiria sista inchaji wa Tanga. Alikumbuka mengi, lakini hakuna aliyeweza kumfungulia kichwa akaona ameandika nini.

Mfumo wetu ulipoanza haukuwa na hekima hiyo. Ulianza kwa kitu walichokiita kujipangia wenyewe. Dirisha linafunguliwa, kila mtu kwa simu yake anachagua zamu mpaka kipimo chake kitimie, kisha mpangaji anarekebisha palipobaki wazi. Inasikika vizuri. Dirisha lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Sisi wa usiku tunatoka saa moja na nusu, ripoti ikichelewa ni karibu saa mbili, na saa mbili kamili uko barabarani, macho mekundu, mikono miwili kwenye usukani. Ukifika nyumbani ukavua viatu, siku nzuri zimeisha. Zimebaki Ijumaa usiku, na mkato ule mbaya wa kazi-ofu-kazi-ofu unaomfanya mtu asijue kama ni mgonjwa au ana usingizi. Msaidizi mmoja wa wodi yetu, mama wa Kikaren kutoka Burma, mwenye simu iliyopasuka kioo, vipindi vitatu mfululizo alipata makombo. Wakaren wako wengi Roseville na upande wa mashariki wa Saint Paul. Ni watu wa aibu, hawapendi kudai. Nilijiona mimi wa zamani.

Enzi za penseli ningejua la kufanya: ningempikia mpangaji keki na kumwombea. Sasa hakukuwa na wa kumpikia. Hasira zilitupanda. Lakini mwenzetu mmoja wa Kisii, anayependa kubonyeza kila kitufe, akagundua kuwa mfumo unaandika nani alichukua zamu gani dakika gani. Tukachapa. Tukaweka alama ya rangi kwenye majina ya watu wa usiku. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: dakika ishirini za kwanza, karatasi nzima haikuwa na rangi.

Tuliipeleka kwenye kamati ya wodi, ambako wanakaa wawakilishi wa uongozi na wa chama. Sikwenda na keki. Sikumsifu mtu. Niliweka karatasi mezani, nikaeleza saa ya kutoka kazini, nikakaa. Kukawa na mabishano, wa mchana wakasema wao pia wana watoto wa kupeleka shule, na walikuwa wakisema kweli. Mwishowe wodi ikagawanywa makundi matatu, kila kipindi kundi moja linatangulia na lililotangulia linakwenda nyuma, na dirisha likahamishwa hadi saa nane mchana. Jambo dogo. Lakini tangu niwe muuguzi sikuwa nimewahi kuona sharti la zamu likibadilika kwa sababu watu wa chini wameonyesha ushahidi. Tanga nilikuwa nabembeleza ili nitolewe kwenye sharti; mwenzangu analibeba badala yangu, nami namshukuru Mungu. Hapa sharti lenyewe liliguswa, na mama wa Kikaren akafaidi bila kufungua mdomo.

Niliingia kwenye kamati mwaka uliofuata, na hapo ndipo ilipokuja habari ya Idd.

Mkataba una orodha ya sikukuu: Krismasi, Mwaka Mpya, Julai 4, Thanksgiving na nyinginezo. Mfumo unazipanga kwa zamu: ukifanya kazi Krismasi hii, ijayo unapumzika. Safi kabisa, hata hauhitaji mtu. Idd haimo. Basi omba kama siku ya kawaida, wakaniambia. Sawa, lakini ratiba inafungwa wiki kadhaa kabla, na Idd inasubiri mwezi. Mwezi hauombi ruhusa kwenye programu. Mwaka 2023 wapo waliosali Ijumaa tarehe 21 Aprili na wapo waliosali Jumamosi tarehe 22, na nilikuwa nahitaji siku mbili ili nipate moja. Kisanduku cha ombi kilikubali tarehe moja tu, na sababu za kuchagua zilikuwa tatu: masomo, familia, binafsi. Aprili hiyohiyo halmashauri ya Minneapolis, ng'ambo ya mto, iliruhusu adhana kwa vipaza sauti nyakati zote tano, jiji kubwa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Mfumo wetu ulikuwa haujasikia.

Ningeweza kuomba kwa mlango wa nyuma. Meneja alikuwa mtu mzuri na angenipa. Wasomali wawili wa maabara walikuwa tayari wamefanya hivyo katika idara yao. Lakini nilikuwa nimeshaionja ile karatasi yenye rangi, na sikutaka tena kupewa. Nikauliza kwenye kamati: nani mwingine ana siku inayomsumbua hivi?

Walijitokeza wengi kuliko nilivyodhani, na wa kwanza alikuwa yule wa Kisii wa vitufe. Yeye ni Msabato, kama walivyo wengi wa kwao. Wasabato wengi huhesabu kumhudumia mgonjwa kuwa tendo la huruma lisiloivunja Sabato, naye hakutaka kukwepa kila Jumamosi. Alitaka zipungue, na zipungue sawasawa na za wenzake. Mpangaji alikuwa amemwekea alama ya "asipangwe Jumamosi" na kuridhika. Tatizo ni kwamba Sabato haianzi Jumamosi saa sita usiku. Inaanza jua linapozama Ijumaa. Minnesota mwezi Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo zamu ya mchana ya Ijumaa inamkuta ndani ya Sabato saa tatu nzima. Juni linazama saa tatu usiku: Ijumaa anamaliza zamu yake ya mchana kukiwa bado kweupe, lakini zamu ya usiku ya Jumamosi, inayoanza saa moja, inaanza Sabato ikiwa haijaisha. Yaani sharti lilelile la dini linahitaji zamu tofauti kwa majira tofauti. Alituonyesha kwa mchoro kwenye ubao, kimyakimya, na mtu wa kompyuta aliyealikwa kikaoni akabaki anatikisa kichwa kwa furaha. Mafundi wanapenda vitu kama hivyo.

Mwalimu wetu wa zamu, Mmarekani, Mkatoliki, akasema Pasaka nayo huhama. Kweli huhama, nikamjibu, ila unaweza kuihesabu ya mwaka 2080 ukiwa umekaa hapa. Tukacheka wote. Kisha akatoa wazo ambalo ndilo lililopita: kila mtu ajiandikie siku zake kubwa mbili kwa mwaka, zozote, dini au si dini, na aruhusiwe kuzishikia siku mbili zinazofuatana kwa kila moja, atakayefanya hivyo anaacha sikukuu moja ya mkataba na kuifanyia kazi. Mtu wa kompyuta akaandika. Sharti la lazima: idadi ya watu wodini isishuke. Sharti la kupendelea: siku kubwa iheshimiwe, na isipoheshimiwa uzito wake uende mwakani. Nikamkumbuka mzee wa Univac na makala zake.

Juni 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu katika kesi ya Gerald Groff, mpeleka barua wa Pennsylvania aliyekataa kufanya kazi Jumapili. Majaji wote walikubaliana kwamba mwajiri anayekataa ombi la dini lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa shughuli zake. Usumbufu mdogo hautoshi tena kuwa sababu. Karatasi za hukumu zikatembea hospitalini wiki nzima, kila ofisi ikiuliza nyingine ina utaratibu gani. Sisi tulikuwa nao tayari. Nakiri nilijivuna kidogo.

Mwaka 2024 niliandika tarehe 9 na 10 Aprili. Mwezi haukuonekana jioni ya tarehe 8, na mfungo ukatimia siku thelathini. Nilirudisha tarehe 9 kwenye mfumo usiku uleule, na kabla sijamaliza daku mtu mwingine alikuwa ameichukua ile ofu. Krismasi ya mwaka huo nilifanya kazi mchana, nikavaa kofia nyekundu kwa hiari yangu, wagonjwa wakafurahi.

Nisije nikaonekana nauza programu. Kukaa ndani ya kamati kulinionyesha pia ambacho hakipo kwenye skrini ya muuguzi wa kawaida. Visanduku vyekundu, kwa mfano. Ratiba ikitoka, baadhi ya zamu ni nyekundu tangu siku ya kwanza, maana watu hawatoshi na hakuna mpangilio utakaowatosheleza. Mashine inajaza watu waliopo. Muuguzi mpya haizai. Kinachofuata ni ujumbe kwenye simu: zamu wazi, nyongeza ya malipo, saa kumi alfajiri, siku ya ofu yako, ukiwa usingizini. Zamani mpangaji alikupigia, na aibu ya kukusumbua ilimzuia kupiga mara ya pili. Mfumo hauoni haya.

Halafu kuna kile kisanduku kimoja ambacho ndicho chenye wodi. Mahali fulani katika mipangilio, mbali na macho yetu, imeandikwa namba: wagonjwa wangapi kwa muuguzi mmoja. Mfumo wote, masharti ya lazima na ya kupendelea, Idd yangu na Sabato ya mwenzangu, unazunguka namba hiyo. Ukiandika nne, visanduku vyekundu vinajaa. Ukiandika sita, vyote vinageuka kijani na ratiba inapendeza macho, bila kuongeza mtu hata mmoja. Penseli haikupotea; imehamia hapo. Na kamati ya wodi haina ruhusa ya kukigusa kisanduku hicho.

Kwa jambo hilo wauguzi wa hapa wamekuwa wakipigana tangu kabla sijafika. Juni 10, mwaka 2010, wauguzi wapatao 12,000 wa Chama cha Wauguzi cha Minnesota waligoma siku nzima katika hospitali za Minneapolis na Saint Paul. Septemba 2022 waligoma kama 15,000, siku tatu, pamoja na wale wa Duluth, na idadi ya wauguzi wodini ilikuwa katikati ya madai yao. California ina idadi hiyo ndani ya sheria tangu mwaka 2004. Minnesota haina, sheria ya mwaka 2013 ilizitaka hospitali kutangaza mipango yao tu, na mwaka 2023 mswada uliotaka kamati zenye wauguzi ndani yake kuamua idadi hizo ulifika mwisho wa safari bungeni ukiwa umenyofolewa kipengele hicho. Watu hudhani migomo ni ya mshahara. Mshahara upo, lakini niliosimama nao kwenye mstari, vibao mkononi, walizungumza zaidi kuhusu usiku ambao walikuwa na mgonjwa mmoja zaidi ya walivyoweza.

Zamani nisingeshughulika na namba. Ningemtafuta mwenye nayo, nimjue anapenda nini. Sasa nataka ibandikwe ukutani pamoja na jina la aliyeiandika.

Mambo mengine ni ya kuchekesha tu. Usiku wa Novemba saa zinaporudishwa nyuma, saa nane inakuwa tena saa saba, na zamu ya saa kumi na mbili inakuwa ya saa kumi na tatu. Mfumo wa zamu ulisema tumefanya kumi na mbili, wa malipo ukasema kumi na tatu, na kuna mgonjwa aliyepimwa presha mara mbili saa saba na nusu, kwa tofauti ya saa nzima. Na Desemba 2021, wahalifu wa mtandaoni walipouvamia Kronos, mfumo ambao hospitali nyingi za Marekani zilitumia kuhesabu saa za kazi, wetu haukuguswa kwa kuwa ni wa kampuni nyingine, lakini mpangaji wetu wa zamani alichapa ratiba yote na kuifungia kwenye droo. Anaichapa mpaka leo kila kipindi. Hakuna anayemcheka.

Tunachogombania sasa ni kubadilishana zamu. Vijana wanataka wawili wakikubaliana, mfumo uidhinishe papo hapo bila kusubiri mtu: ujuzi ni ule ule, saa hazizidi, kuna shida gani? Kwa zamu za mchana nimekubali, na tumeshaanza. Za usiku nimekataa. Mfumo unapima ujuzi kwa alama za vyeti. Wauguzi wawili wenye vyeti vyote, walioajiriwa msimu mmoja, wataonekana mbele yake sawa na wengine wote, na mabadilishano mawili yasiyo na hatia yanaweza kuwaweka pamoja usiku wa manane na mgonjwa anayeporomoka, hakuna mkongwe jirani. Sista inchaji angeliona hilo kwa kupepesa jicho. Wenzangu wa kamati wanasema niandike basi sharti lake: miezi mingapi ya kazi ndiyo inayomfanya mtu awe mkongwe? Nimejaribu. Namjua muuguzi wa miaka minane ambaye nisingemwachia usiku, na wa mwaka mmoja ambaye ningemwachia mama yangu. Namba moja ya kuwatenganisha sijaipata, na najua vizuri kwamba nikisema "niachieni mimi, nitatazama mwenyewe," nitakuwa nimejipa penseli.

Kwa sasa tumeafikiana kwamba mabadilishano ya usiku yapite kwa muuguzi anayeongoza zamu, na akikataa aandike sababu mahali ambapo wote wawili wataisoma. Mwenzangu wa Kisii ana pendekezo jingine, la kuhesabu usiku ambao mtu ameongoza badala ya miezi aliyoajiriwa, na amekwisha kuchora kwenye ubao. Kikao ni Jumatano ijayo mchana. Nilikuwa nimepangwa kazi siku hiyo. Nikabadilishana na mtu, na mfumo ukaidhinisha kabla sijaweka simu mezani.